Mkono Humaliza Kazi Kabla Nyundo Haijatua

Vijana wanaokuja mlimani kuomba kazi huuliza kwanza uzito wa nyundo. "Hiyo ni ya kilo ngapi, mzee?" Hawaulizi mpini ni wa mti gani, jiwe limelazwa juu ya nini, wala miguu inakaa wapi. Mimi ni mpasua mawe hapa Mwanza. Nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne, kisha nikashika nyundo, na kwa muda mrefu mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Siku hizi yanaongea, na mengi yanayosemwa hapa chini ni maongezi yao.

Anayeijua Mwanza anajua kazi hii haiwezi kuisha. Ukipanda Mabatini, Igogo au mitaa iliyo juu ya Bugando, unakuta nyumba zimejibanza katikati ya miamba, na misingi, ngazi na kuta za kuzuia udongo vyote vimetoka kwenye miamba hiyohiyo. Jiwe letu ni granaiti. Saruji unaweza kuisubiri kutoka mbali, lakini jiwe lipo uani.

Kijana mgeni namtambua kwa mapigo yake ya kwanza tu. Anainua nyundo vizuri, anaishusha vizuri, halafu pale inapogusa jiwe anakaza kila kitu: meno, shingo, mabega, viganja. Anataka kuisukuma iingie. Jioni viwiko vinamuuma, vidole havifungi vizuri, na jiwe lina alama nyeupe nyingi bila ufa hata mmoja.

Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii na ambaye hakuwahi kukaa darasa la fizikia, alikuwa na maneno mafupi juu ya jambo hilo: "Ukishaiachia, iache." Nilimtii kwa sababu ni mjomba. Kuelewa kulikuja baadaye, nilipokaa na kalamu.

Chukua nyundo ya kilo 5 inayofika kwenye jiwe kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mtu anayeijua kazi. Zidisha, unapata momenta, yaani kiasi cha mwendo, ya 40. Sasa nyundo inasimama. Kwenye jiwe gumu haichukui muda; tuseme sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kupoteza momenta ya 40 ndani ya muda huo kunahitaji kani (nguvu ya kusukuma) ya wastani ya nyutoni 40,000, yaani sawa na uzito wa mzigo wa tani 4 hivi, uliokaa juu ya sehemu ndogo kuliko kiganja. Hiyo ndiyo inayopasua. Na yule kijana anayekaza? Tuseme mikono yake inakandamiza kwa nyutoni 200, ambazo ni kama uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kukandamiza huko kunaongeza momenta ya 0.2. Weka 0.2 kando ya 40: ni moja ya mia mbili. Jiwe halina namna ya kujua kwamba kijana alikaza.

Kwa hiyo kazi yote ya mkono iko hewani. Kuanzia nyundo inapokuwa juu ya kichwa mpaka inapobakiza kama upana wa kiganja kufika, ndipo unapotoa ulichonacho. Baada ya hapo mkono umebaki na kazi moja tu, kuhakikisha nyundo haipotei njia. Tena mkono uliokaza wakati wa pigo unaumia zaidi, kwa sababu mtikisiko wa chuma unaingia moja kwa moja kwenye mifupa, wakati mkono uliolegea kidogo unauacha uishie kwenye mpini.

Sasa kasi hiyo inatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwenye kimo. Kitu kikianguka chenyewe mita 2, kinafika chini kikiwa na kasi ya mita 6.3 kwa sekunde. Nyundo yetu ya kilo 5 ikifika na mita 8, imebeba nishati mwendo ya jouli 160 (jouli ni kipimo cha nishati), na katika hizo kama 98 ni zile ulizoziweka wewe mwenyewe ulipoinyanyua hizo mita 2. Zilizobaki, kama 62, ndizo ulizoongeza wakati wa kushusha. Mtu anayejivunia namna anavyoshusha asisahau kwamba zaidi ya nusu ya pigo alilipia alipokuwa anapandisha. Ndiyo maana kupandisha kuna ufundi wake. Mkono mmoja unakaa mwisho wa mpini, mwingine unakaa juu karibu na chuma. Ukiwa hivyo, chuma kiko karibu na mwili na hakikuvuti mbele. Kikishafika juu, ule mkono wa juu unateleza taratibu kwenye mpini wakati wa kushusha, mpaka mikono yote miwili inakutana chini. Sasa chuma kiko mbali na mwili, kinazunguka kwenye duara kubwa, na kwa mzunguko uleule chuma kilicho mbali kinakwenda kasi zaidi. Magoti yanakunjika kidogo, kiuno kinashuka, mabega yanafuata, vifundo vya mikono vinamalizia. Anayepiga kwa mabega peke yake hawezi kuiona saa sita.

Turudi kwenye kilo. Vijana huamini nyundo nzito ndiyo yenye pigo, na tatizo ni kwamba wana nusu ya haki. Linganisha nyundo mbili. Ya kilo 4 inakwenda mita 8 kwa sekunde. Ya kilo 8 imemshinda mwenye nayo, inakwenda mita 4. Momenta zao ni sawa kabisa, 32 kwa 32. Lakini ya kwanza imebeba jouli 128 na ya pili jouli 64. Uzito ukizidi mara mbili nishati inazidi mara mbili. Kasi ikizidi mara mbili nishati inazidi mara nne.

Jambo hili liliwahi kugombanisha wasomi wa Ulaya. Mwanafalsafa Mfaransa Descartes alikuwa ameshikilia kwamba kipimo cha mwendo ni uzito mara kasi. Mwaka 1686 Mjerumani Leibniz akaja na hoja kwamba kasi lazima izidishwe kwa yenyewe. Ugomvi uliendelea miaka mingi, na mmoja wa waliosaidia kuutuliza ni Mholanzi Willem 's Gravesande, aliyedondosha tufe za shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi katika miaka ya 1720: tufe iliyofika na kasi maradufu ilichimba shimo kubwa mara nne. Émilie du Châtelet wa Ufaransa akayachukua matokeo yale na kuyaeneza. Mimi nililifanya jaribio hilo kwa kipande cha nondo nene na udongo wa kufyatulia matofali. Ili upate kasi maradufu lazima udondoshe kutoka kimo mara nne, si mara mbili, na hapo tayari unaona siri ilipojificha. Shimo langu lilikaribia mara nne. Watoto waliokuwa wananitazama waliona mtu mzima anacheza na tope.

Descartes hakuwa amepotea kabisa, maana hesabu zote mbili zina kazi yake. Momenta inakuambia itachukua kani kiasi gani kwa muda gani nyundo isimame. Nishati inakuambia itachimba umbali gani kabla ya kusimama. Mpasua mawe anahitaji kuzijua zote.

Wala usikimbilie nyundo nyepesi kupita kiasi ukidhani kasi itakuokoa. Mikono yako nayo ina uzito. Ukipunguza chuma mpaka kiwe kidogo sana, nguvu nyingi utaimaliza kwa kurusha mikono yako mwenyewe, na mikono haipasui mawe. Katikati ndipo penye faida, na katikati ya mtu mmoja si katikati ya mwenzake. Kwangu mimi kilo 5 inatosha. Kuna jirani yangu mwembamba anayefanya maajabu na ya kilo 4.

Somo lililonichukua muda mrefu zaidi kuliko yote halihusu mkono kabisa. Linahusu kinachoipokea nyundo. Ile kani ya nyutoni 40,000 haimo ndani ya nyundo. Nyundo imebeba jouli 160 tu. Ikisimama ndani ya milimita 4, kani ni nyutoni 40,000. Ikizama sentimita 5 kwenye udongo, jouli zilezile zinatoa kani ya nyutoni 3,200 tu. Mkono uleule, chuma kilekile, na tofauti ni zaidi ya mara kumi. Kinachoamua ukubwa wa kani ni jinsi kitu kinavyokubali au kukataa kurudi nyuma.

Hili wanalijua vizuri sana akina mayu, yaani akina mama, wanaogonga kokoto kando ya barabara, wamekaa chini ya turubai, miguu wameinyoosha. Hakuna hata mmoja anayegongea kokoto juu ya udongo. Kila mmoja ana jiwe lake la kugongea, pana, zito, lililozama ardhini, ambalo halitikisiki. Kipande kikiwekwa juu ya jiwe hilo hakina pa kukimbilia, kwa hiyo kinavunjika. Wengine wanakizungushia duara la mpira wa tairi ili vipande visiruke usoni. Nyundo zao ni ndogo, zinapigwa kwa kifundo cha mkono, na hazipandi juu sana. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini hainui zaidi. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini hanywi chai kwa upawa. "Baba, hiki kijiwe kinahitaji nini zaidi?" Anauza kwa ndoo, na jioni lori linapokuja kubeba tripu, rundo lake ni refu kuliko la vijana wenye misuli. Sisi wapasuaji wa mawe makubwa tunaweza kusahau kanuni hiyo, tukalaza jiwe juu ya kifusi laini kisha tukalilaumu kwa ukaidi. Ukigonga jiwe la kilo 20 lililo juu ya udongo uliolegea, linazama, linapokea mwendo wote, na wewe unakuwa umelipigilia ardhini.

Masikio nayo yanafanya kazi. Pigo lisilofaa lina mlio mkali, na nyundo inadunda kurudi juu. Watu wengine hufurahia ule mdundo. Lakini nishati iliyoirudisha nyundo juu ni nishati ambayo jiwe limeikataa. Jiwe likianza kukubali, mlio unabadilika, unakuwa mzito na mfupi, na nyundo inatulia palepale ilipotua. Hapo unapunguza pupa, kwa sababu ufa umeshaanza ndani hata kama huuoni.

Granaiti ina tabia moja ambayo ingekuwa vigumu kuishi bila hiyo. Ukiibana inavumilia mno. Ukiivuta ili itengane, inaachia kwa kani ndogo zaidi, kama moja ya kumi ya ile ya kubana. Kwa hiyo mpasuaji hapondi. Anatafuta mahali ambapo pigo litalilazimisha jiwe livutike. Analilaza juu ya kijiwe kingine ili katikati pabaki wazi, au anatoboa vishimo kwa tindo kwenye mstari, anapachika kabari, anazigonga moja baada ya nyingine, duru kwa duru. Kabari inageuza pigo la kwenda chini kuwa msukumo wa kwenda pembeni. Miamba mikubwa isiyobebeka huwashiwa moto kwanza: tabaka la juu linatanuka, la ndani bado baridi, na magamba yanabanduka. Moto una moshi na una madhara yake kwa majirani, mimi siupendi, na sitaueleza zaidi.

Mpini. Hapa ndipo watu wanapobana senti na kupoteza shilingi. Siku hizi kuna wanaochomelea bomba la chuma kwenye nyundo, eti halivunjiki. Kweli halivunjiki, kinachovunjika ni mwenye nalo. Mti unanyonya mtikisiko, bomba linausafirisha mpaka bega. Mpini wa mpera uliokauka vizuri, wenye nyuzi zilizonyooka kutoka mwisho hadi mwisho, ndio ninaoupendelea. Ukipiga ukapitiliza, chuma kikavuka jiwe na mpini ukatua ukingoni, utavunjika hata uwe wa mti gani, maana chuma kinaendelea na safari yake huku mti umezuiwa.

Mtikisiko wa mkononi una kanuni yake. Chukua fimbo yenye unene sawa, ishike mwisho mmoja, ipige kwenye jiwe. Ukipigia ncha, mkono unauma. Ukipigia karibu na mkono, unauma pia. Lakini theluthi mbili ya urefu kutoka mkononi kuna mahali ambapo ukipigia, kiganja hakisikii karibu chochote. Panga lina mahali pake kama hapo, na anayekata kuni kwa ncha ya panga anaujua mkono wake usiku. Kwenye nyundo, kwa sababu karibu uzito wote uko kichwani, mahali hapo pako karibu kabisa na chuma chenyewe. Hiyo ndiyo sababu nyundo iliyotua sawasawa haina maumivu, na iliyotua upande inakuambia saa hiyohiyo.

Na chuma kikilegea kwenye mpini? Hili napenda kuwaonyesha vijana kwa sababu hawaamini mpaka waone. Shika mpini, chuma kikiwa chini kinaning'inia hewani, kisha gonga mwisho wa mpini kwa juu ukitumia nyundo nyingine. Mtu anategemea chuma kidondoke. Badala yake kinapanda kwenye mpini na kukaza. Chuma ni kizito na kina inesha, kinabaki kilipo. Mti mwepesi ndio unaosogea ukipita ndani yake. Kabla ya kugonga angalia usisimamishe mtu mbele yako, na usigonganishe chuma cha nyundo mbili uso kwa uso. Chuma kigumu kikikutana na kigumu hutoa cheche na vipande, na jicho halina akiba.

Kuhusu chakula, maana hili nalo huulizwa: kijiko kimoja cha sukari, gramu 4 hivi, kina jouli kama 67,000. Mwili unafanikiwa kugeuza karibu robo tu kuwa kazi. Gawa kwa 160, unapata kama mapigo 100. Kwa kweli yatakuwa machache zaidi, kwa sababu unainama, unanyooka, unabeba mwili wako mwenyewe. Hata hivyo, siku hizi chai ya saa nne siidharau.

Jembe ni habari nyingine kabisa, ingawa watu wa huku Usukuma tulijifunza kupiga kwa jembe kabla ya nyundo. Udongo unalisimamisha jembe polepole, kani inakuwa ndogo, umbali unakuwa mrefu, na ndicho kinachotakiwa. Wanaocheza bugobogobo, ngoma ya majembe, wanaonyesha jambo ambalo kwenye mawe halionekani kirahisi: jembe linarushwa juu na kuzungushwa kwa midundo ya ngoma, na mwili wote unashuka nalo, miguu kwanza. Anayetaka kuona kiuno kinavyotangulia mkono aende Bujora, Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni, asikodoe macho kwenye mikono.

Shemeji yangu yeye anaunda mitumbwi ufukweni, upande wa Igombe. Alinicheka siku niliyomweleza habari ya jiwe la kugongea la akina mayu, akasema wao wanalijua hilo kwa njia ya tabu zaidi, kwa sababu ubao wa mtumbwi umesimama hewani na hauna ardhi nyuma yake. Ukipigilia msumari kwenye ubao unaocheza, ubao unarudi nyuma, unarudi mbele, msumari unapinda, na tundu linapanuka mpaka hata uzibe kwa kalafati vipi maji yatapita. Kwa hiyo upande wa pili anasimama mtu aliyeshika kipande kizito cha chuma, amekigandamiza dhidi ya ubao mahali msumari utakapotokea. Hapigi kitu. Chuma chake, kikiwa kilo 5 au zaidi, hakipati muda wa kusogea ndani ya ile sehemu ndogo ya sekunde, na hivyo ubao unajikuta una ukuta nyuma yake. Ncha ya msumari ikitokeza, inakutana na chuma hicho na kujikunja yenyewe kurudi kwenye mbao.

Nilishika chuma hicho mchana mmoja, kwa udadisi. Nilitegemea kila pigo lifike viganjani, lakini kwa chuma kizito nilisikia mguso tu; nilipobadilishiwa chepesi, vidole viliwaka. Wanaofanya kazi hiyo wengi ni vijana wa kujifunza, na hulipwa chini ya mgongaji. Nilimwambia shemeji kwamba kama hesabu ingekuwa ya fizikia, wale wawili wangelipwa sawa. Akasema fizikia ije ilipe mbao kwanza.